Nilikana Mungu miaka 12, mpaka nilipofungua daftari la mama

Mwana wa Kaimosi (mwanzisha uzi)

Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aupitie akitulia. Nimeuandika siku tatu, usiku, baada ya kusahihisha karatasi za wanafunzi. Wengi mnanijua humu kama yule mwalimu wa fizikia wa Nakuru aliyebishana na kila mlokole, na mwezi uliopita mliniona nikimwandikia mtu aliyefiwa kwamba namwombea. Baadhi yenu mliniuliza kwa heshima, wengine mkasema nimenunuliwa. Nawajibu wote hapa.

Kwetu ni Vihiga, upande wa Kaimosi. Huko mtu huzaliwa katika kanisa la Friends, wale wanaoitwa pia Quakers, kama anavyozaliwa katika ukoo. Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa kanisa hilo walifika Kaimosi, ikaanza shule, tiba na mashine ya kupasua mbao, na leo Kenya ndiyo yenye Friends wengi kuliko nchi yoyote duniani. Babu alijulia kusoma kwao. Mama alikuwa mweka hazina wa akina mama wa kanisa letu la kijijini. Baba alikuwa muumini wa Jumapili tu.

Mdogo wangu alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, sickle cell. Watu wa magharibi na wa ziwani mnaijua, kwa sababu damu ya namna hiyo imeenea zaidi kwenye nchi za malaria. Macho ya manjano, vidole vimevimba, mtoto analia usiku kwamba mifupa yake inavunjwa. Mama alimpa folic acid, na Paludrine ya kuzuia malaria, kila siku, akawa anampeleka kliniki Kisumu, kwenye hospitali ya Jaramogi ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa vile ilijengwa kwa msaada wa Warusi.

Mwaka 2006 mhubiri mmoja alisimika hema karibu na soko letu. Baba akampeleka mtoto. Mhubiri akamwekea mikono, akatangaza kwamba damu imebadilishwa, na kwamba kuendelea kumeza dawa ni kumwita Mungu mwongo. Baba alirudi nyumbani akazitupa dawa zote chooni. Nilimwona. Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, na sikusema neno. Siku ya kumi na moja mtoto alishikwa na kifua usiku, mvua inanyesha, na tulipopata gari alikuwa ameshakata roho. Alikuwa na miaka 14. Hema lilikuwa limeshang'olewa.

Nilivumilia kanisa miaka mitatu kwa ajili ya mama. Mwaka 2009, nikiwa chuoni, nikasema waziwazi kwamba Mungu hayupo. Nilisoma sana, nikabishana sana. Mnikumbuke vizuri: hasira yangu ilikuwa ya haki. Wakristo wenzangu, mtu akiwaambia aliacha dini kwa sababu ya jambo kama hili, msimwambie kwamba shetani amemdanganya. Kaeni naye. Ana maiti ya kweli mikononi mwake.

Juni 2021 mama alianguka jikoni kwa presha, akafa kabla ya kufika hospitali. Zilikuwa wiki zile za korona ambapo serikali iliziwekea kaunti 13 za huku masharti makali: kafyu kuanzia saa moja jioni, mazishi ndani ya saa 72, waombolezaji wasizidi 50. Kwetu mazishi ya watu 50 ni kama hakuna mazishi. Nilipanda gari Nakuru nikijua nitakuta boma tupu.

Nikakuta akina mama wa kanisa wamejigawa kwa zamu, watano watano, ili idadi isipite. Zamu moja inachota maji na kupika, kabla ya kafyu inaondoka, alfajiri nyingine inaingia. Hakuna aliyeniuliza kama nimeokoka. Walinipa uji.

Baada ya mazishi Senge, dada yake baba, akaniletea madaftari matatu ya Kasuku yaliyoshonwa kwa uzi yakawa moja, yamefunikwa kwa gazeti. Alitaka nimjumlishie hesabu, kwa sababu mweka hazina mpya lazima akabidhiwe. Upande wa kushoto ni kilichoingia, wa kulia ni kilichotoka. Michango ilikuwa shilingi 10, shilingi 20, mayai sita yaliyouzwa, kuku mmoja. Upande wa kilichotoka nikaona neno moja linajirudia kwa mwandiko wa mama: Mimi, yaani yeye mama mwenyewe ndiye aliyepewa pesa.

Mimi, nauli ya Russia, 200. Mimi, dawa, 350. Mimi, nauli ya Russia, 200. Kurasa kwa kurasa.

Sikujua. Maisha yangu yote nilidhani dawa zile zilitoka mfukoni mwa baba. Nikafungua 2006. Mimi, dawa, 350. Nilipoitazama tarehe, ilikuwa siku nne kabla ya hema. Yaani kilichotupwa chooni kilinunuliwa kwa mayai ya wajane. Mstari uliofuata: Mbao za jeneza, 1,800. Chini yake: Sukari na majani, matanga, 240. Halafu, wiki tatu baadaye, jina la mtoto mwingine wa kijiji chetu, na nauli ya Russia, 200.

Nikamuuliza Senge kama walijua kwamba dawa zilitupwa. Akasema walijua siku ileile, mama aliwaambia. Nikamuuliza walimwambia nini baba. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua macho. Akasema, "Tungemwambia nini? Alikuwa amefiwa na mtoto."

Mimi nilikuwa nimekaa miaka 15 sijampa baba mkono.

Sikuamini siku hiyo, na sitaki mtu aseme niliamini kwa uchungu wa msiba. Nilirudi Nakuru na swali ambalo sikulitaka. Hoja zangu zote kuhusu dini zilisimama juu ya mhubiri wa hema. Alikuwepo kweli na alichofanya kilikuwa kibaya kweli. Lakini wanawake wale nao walikuwepo, miaka yote, kwenye nyumba ileile, na sikuwahi kuwahesabu. Nilikuwa nimesoma upande mmoja wa daftari.

Jambo la pili lilinisumbua kama mwalimu wa sayansi. Hasira yangu ilikuwa inadai kwamba mtoto yule alidhulumiwa, na kwamba ingekuwa dhuluma hata kama kijiji kizima kingeshangilia. Nikajaribu kuitafutia hasira hiyo mizizi kwenye dunia ya atomu na bahati. Fizikia naipenda, ndiyo inayonilisha, na inanieleza kitu kinaanguka kwa kasi gani. Hainielezi kwa nini mtoto hakustahili kuanguka. Najua wapo wasioamini wenye jibu lao, nililisoma na nililifundisha wengine. Halikunitosha tena.

Nikaanza kusoma Injili ya Marko kwa sababu ndiyo fupi. Sura ya tisa kuna mzazi anayemleta mtoto wake mgonjwa, na anapoambiwa kwamba yote yanawezekana kwa anayeamini analia kwamba anaamini, asaidiwe kutokuamini kwake. Nilikuwa nimekaa kitandani kwangu, mtaa wa Shabab, Nakuru, taa ya mezani imewaka, na nikamwona baba yangu. Miaka 15 nilikuwa nimemhesabu kama muuaji. Hapo nikamwona mzazi aliyechoka kusikia mtoto akilia usiku, akakimbilia mlango wa kwanza uliofunguliwa, na aliyekuwa mlangoni akamdanganya.

Desemba nilikwenda nyumbani. Tulikaa chini ya mparachichi. Baba aliniambia alijua siku zote kwamba nilimwona akizitupa. Hatukuongea zaidi ya hapo, lakini nilimpa mkono.

Watu huniuliza niliokoka tarehe ngapi. Friends hatubatizi kwa maji, kwa hiyo hata cheti sina. Mwanzoni mwa 2022 nilikuwa nakaa viti vya nyuma kama mgeni. Kufikia Krismasi nilikuwa naomba, na najua kwamba naomba. Katikati hapo sikumbuki mlango.

Aprili 2023 habari za Shakahola zilipotoka, msitu ule wa Kilifi ambako waumini walifunga mpaka kufa kwa neno la mhubiri, nikataka kurudi nilikotoka. Miili ilifukuliwa mpaka ikapita 400. Lilikuwa hema lilelile, limekua tu. Jumapili hiyo niliomba dakika tano nikasimama mbele ya kanisa nikasimulia habari za mdogo wangu, mara ya kwanza maishani. Nilikuwa natetemeka. Nilipomaliza mzee mmoja akasimama akasema naye aliwahi kumtoa mtoto wake wodini kwa neno la mhubiri. Hakuweza kuendelea. Waliokuwa karibu naye wakamshika mabega.

Hapo ndipo nilipo. Semeni yenu.

Mdadisi wa Kisumu

Mwalimu, pole kwa mama na kwa mdogo wako. Nimesoma mpaka mwisho, mara mbili. Mimi bado siamini, na naomba uniruhusu niseme kwa nini simulizi yako hainihamishi.

Ulichokiona ni majirani wema. Ondoa Mungu kwenye daftari hilo, weka chama cha kuchangiana cha akina mama wa soko la Kibuye hapa Kisumu, na hesabu zitatoka vilevile. Mama yangu alisomeshwa na chama, hakuna aliyeomba wala kufunga. Wema ni wa binadamu, kanisa limeuwekea paa tu.

Halafu kuna suala la jamii. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 755,750 tusio na dini, asilimia 1.6 ya nchi. Katiba kifungu cha 8 inasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri. Lakini chama cha wakana Mungu kiliposajiliwa mwanzoni mwa 2016, usajili ulisimamishwa miezi michache tu baadaye. Katibu wa chama hichohicho alipojiuzulu 2021 akisema amempata Yesu Kristo, kila mtu alinitumia hiyo habari, hata shemeji ambaye hatujaongea mwaka mzima.

Nitakuambia kinachoniuma. Mjomba wangu alipofariki, kanisa la kijijini lilikataa kuja kwa sababu hakuwa ametoa mchango wa miaka miwili. Alizikwa na sisi wenyewe, ndugu yake mmoja akasoma salamu tukafukia. Mama yako alikuwa na zamu za watu watano watano. Mjomba wangu hakuwa na hata mmoja. Nikifa mimi, nani atakuja? Kama msaada wa nchi hii unapitia mlango wa kanisa, basi sisi wengine mmetufungia nje, na hilo ndilo ninaloliogopa kwenye dini kuliko hoja zenu za uumbaji.

Nyar Nam

Ndugu Mdadisi, hilo la mjomba limenichoma. Kanisa linalokagua risiti kabla ya kuzika linajihukumu lenyewe.

Lakini usiifanye dini ya huku kuwa kitu tuliletewa kwenye sanduku. Bibi yangu alikuwa Legio Maria, kanisa lililozaliwa Nyanza miaka ya 1960 na watu wetu wenyewe. Kabla yake kulikuwa na Nomiya ya Johana Owalo, zaidi ya miaka mia iliyopita. Watu hawakungoja ruhusa ya mmishonari kusema na Mungu kwa Dholuo. Bibi hakujua kuandika, lakini kanisani alikuwa na cheo, alikuwa na sauti, wanaume walinyamaza akisimama. Nje ya kanisa hakuna mahali pengine alipowahi kunyamaziwa.

Na kwenye siasa pia. Mwaka 1990 Askofu wa Kianglikana Henry Okullu wa Maseno Kusini, hapahapa Kisumu, alidai vyama vingi wakati watu walikuwa wanawekwa ndani kwa maneno kama hayo. Mwaka huohuo waziri mmoja alimwonya Askofu mwenzake wa Kianglikana, Alexander Muge wa Eldoret, kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge akaenda Busia. Tarehe 14 Agosti, akirudi, gari lake likagongana na lori akafa. Baba yangu hakuwa mtu wa kanisa, lakini siku hiyo alifunga duka.

Kinachoniumiza ni kwamba wajukuu wa kanisa hilo leo wanamwachia mwanasiasa kipaza sauti akileta bahasha. Ndiyo sababu mimi natoa sadaka yangu na bado nasimama kwenye mkutano wa washirika kuuliza pesa za paa zimefika wapi. Hawanipendi kwa hilo. Sitoki.

Wa Kaptembwo

Mimi niseme ya hapa Nakuru. Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, nilikuwa na miaka 12. Sisi tulikuwa kwenye kwaya ya watoto, na rafiki yangu wa sauti ya pili alikuwa wa kabila lile jingine. Wiki ile ya mwisho ya Januari baba yake na baba yangu, wote wazee wa kanisa, walikuwa pande mbili za barabara na mapanga. Siku ya mwaka mpya kule Kiambaa, karibu na Eldoret, watu walikuwa wamechomwa ndani ya kanisa walilokimbilia. Tulilala uwanja wa maonyesho na godoro moja la watu saba.

Baadaye viongozi wa NCCK, baraza la makanisa, waliomba radhi hadharani kwamba wakati wa uchaguzi waliegemea pande. Niliheshimu hiyo. Lakini sijaelewa mpaka leo: miaka yote ya mahubiri ilikwenda wapi usiku mmoja? Naenda kanisani, naamini, lakini swali hilo naenda nalo.

Mwana wa Kaimosi

Wa Kaptembwo, sina jibu la swali lako na sitakutungia. Endelea kwenda nalo.

Mdadisi, umesema kweli kwamba daftari halithibitishi Mungu. Ningekuwa mahali pako ningeandika hivyohivyo, na zamani niliandika. Chama cha Kibuye ni kitu chema, na mama mwenyewe alikuwa kwenye vyama viwili. Lakini chama kina kanuni ambayo unaijua: asiyechanga hachukui. Ndiyo haki yake, la sivyo kitakufa. Akina mama wale walimnunulia dawa mtoto, baba akazitupa, wakarudi wakanunua jeneza, hawakumdai kitu. Nilitafuta kanuni inayoendesha hesabu ya namna hiyo. Nilipomuuliza Senge, hakunieleza wema wa binadamu. Alinieleza Msalaba, kwa maneno machache, kama mtu anayekuelekeza njia ya kisimani. Unaweza kusema amekosea chanzo. Mimi nilifika mahali sikuweza kusema hivyo tena.

Na kanisa lililomkatalia mjomba wako lilifanya kazi ya chama, tena chama kibaya.

Kuhusu mlango kufungwa, nakubaliana nawe kabisa. Kusimamisha usajili wa watu kwa sababu hawaamini ni aibu kwetu tunaoamini. Imani inayohitaji msajili wa vyama kuilinda si ile niliyoiona kwetu. Nilipokuwa sina dini nilizikiwa mama na watu ambao hawakuniuliza. Ukifiwa, au nikisikia umekwenda wewe, niko mwendo wa saa tatu na nusu tu kutoka Kisumu. Nitakuja, na nitanyamaza kama hutaki sala. Nakuandikia nikiwa na akili zangu zote.

Mdadisi wa Kisumu

Nimekusikia, mwalimu. Sala sitaki. Wewe njoo.

Mama Watatu

Samahani kuingilia, mimi huwa nasoma tu. Mwalimu, nimelia tangu pale chooni. Mtoto wangu wa pili ana hiyo selimundu, ana miaka saba. Tuko hapa Nakuru, mtaa wa London. Mama mkwe ni mtu wa maombi sana na ninampenda, ametulea. Sasa anataka tumpeleke mtoto kwenye mapango ya kreta ya Menengai, siku tatu za kufunga, bila chakula wala maji, na anasema dawa zibaki nyumbani kama ishara ya imani. Mume wangu amenyamaza. Nikikataa nitaonekana sina imani. Ni kesho kutwa.

Mwana wa Kaimosi

Dada, usimpeleke.

Mimi si daktari, lakini haya nimeyaishi na unaweza kuyauliza kliniki kesho asubuhi kabla ya kitu kingine chochote. Mtoto mwenye selimundu akikosa maji, damu inakuwa nzito na chembe zenye umbo la mundu zinaziba mishipa, ndiyo yale maumivu. Baridi nayo huyaleta. Usiku ndani ya Menengai unajua ulivyo. Siku tatu bila maji pale, hata mtu mzima mwenye afya anadhoofika. Folic acid asiache hata siku moja, na dawa ya kuzuia malaria kama alipewa, na uulize pia kuhusu haidroksiyurea, dawa ya kupunguza maumivu hayo yasirudi mara kwa mara, kama bado hawajamwanzishia. Akipata homa, au kifua kikimbana, au akipauka ghafla, ni hospitali usiku huohuo, usingoje kupambazuke.

Kwa mama mkwe, usimpinge mbele ya watu. Mwambie unaomba yeye afunge kwa niaba ya mtoto, yeye ni mzima. Mtoto abaki nyumbani, ameze dawa na maji mengi, na mwombeeni hapohapo sebuleni. Mungu aliye Menengai yuko na London. Kama anahitaji kusikia kutoka kwa mzee, baba yangu ana simu. Nilimpigia jioni hii nikamsomea ulichoandika. Amesema ataongea na mama mkwe wako mwenyewe, na atamwambia alichokifanya 2006. Hajawahi kumwambia mtu yeyote nje ya boma letu.

Nitumie namba yako kwa inboksi, hapa usiiweke.

Mama Watatu

Nimetuma. Mama mkwe ameamka saa kumi kuomba, nitampa simu kabla hajaanza kufungasha.